Klachi ya Mama Mkunga Ililia, Mimi Sikusikia

Gari lililia mpaka fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaacha kushona, akavuka na futi yake shingoni, akaja kutuuliza tunachinja nini.

Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari hilohilo. Uso wangu ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye giaboksi.

Sikusikia kitu.

Niliona tu viatu vyake vimesimama kando ya tairi. Nikaona na viatu vya bosi wangu vikigeuka kumwelekea. Nikajua kuna maneno yanasemwa huko juu.

Nikachomoza kichwa, nikafanya kile ninachofanya siku zote nisipojua watu wanasema nini. Nikacheka.

Bosi naye akacheka.

Fundi cherehani akaondoka amenuna. Alichokuwa amekuja kuuliza nilikuja kuambiwa baadaye sana, na kwa aibu.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana mtu akisikia gari lilipiga mayowe na fundi hakusikia, anadhani nitaleta habari za majini. Hakuna jini hapa. Afadhali angekuwepo, ningemsingizia.

Mimi ni fundi wa magari, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Gerejini wananiita Rada, na jina hilo sikupewa bure.

Zamani gari lilikuwa likikata kona pale getini, kabla halijaegeshwa, mimi nishasema. Hilo mkanda umelegea. Hilo plagi moja haichomi. Hilo mwenyewe anaendesha na viatu vya kisigino kirefu.

Hilo la mwisho lilikuwa utani, lakini mara mbili nilipatia.

Bosi wetu ni mzee mmoja mwenye mikono minene na maneno machache. Gereji ni yake, na aliiwekea sheria mbili ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Ya kwanza: gari halitoki getini mpaka watu wawili walisikilize. Mimi nakaa kwenye usukani, nakanyaga, naachia. Yeye anasimama mbele, anaweka kiganja juu ya boneti, anafumba macho. Halafu anayafumbua, ananiuliza, "Wewe unasikia nini?"

Najibu. Yeye anatikisa kichwa polepole kama hakimu, anasema, "Hata mimi."

Geti linafunguliwa.

Sheria ya pili: mteja haulizwi. Mteja akianza kukueleza gari lake lina nini, mwambie akakae kwenye benchi. Bosi alikuwa akisema mgonjwa wetu ni gari, si mwenye gari.

Mimi sheria hiyo niliipenda kupita kiasi. Ilinipa kichwa. Nilikuwa namkata mteja maneno katikati, nanyanyua mkono hivi, na watu wanacheka, wanasema Rada kaanza.

Basi. Masikio yakaanza kuniaga.

Hayakuondoka kwa kishindo. Miaka yote hiyo nimesimama kando ya mashine ya kusaga vyuma bila kuziba hata pamba, nikiwacheka wanaoziba. Ndege ndio waliotangulia, nikadhani wamehama. Kisha simu. Kisha sauti za watoto na za wanawake. Sauti nene nilizisikia bado, ila kila kilicho chembamba kilikuwa kimekwenda zake.

Na mlio wa beringi, ndugu yangu, ni mwembamba.

Sikumwambia mtu. Nilijifunza kusoma midomo. Nilijifunza kusema "ndiyo" kwa namna inayofaa kila swali. Nilijifunza kucheka wengine wakicheka, ingawa hiyo nayo ina hatari zake. Jirani yangu siku moja alinieleza jambo pale nje, nikaangua kicheko hadi nikampiga begani.

Kumbe alikuwa ananiambia amefiwa na mjomba wake.

Sasa sikilizeni kilichonibana. Bosi alikuwa ametangaza mbele ya mafundi wote kwamba mwisho wa mwezi anapumzika, miguu haimbebi tena. Gereji ananiachia mimi niisimamie. Alinishika bega akasema, "Mahali hapa panasimama kwa masikio yako."

Kila mtu akapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Ningesema nini? Kwamba masikio hayo yamekufa? Fundi asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja. Nisipokuwa fundi mimi si kitu kingine, sina kazi ya pili mfukoni. Nikisema nafukuzwa, nisiposema napewa funguo za kitu nisichokiweza. Kila upande ukuta.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Mkunga.

Huyu mama kila mtu anamjua. Nusu ya mtaa imepokelewa na mikono yake. Mfupi, mkavu, haogopi mtu, na anaendesha gari moja kuukuu la gia za mkono, gari ambalo kwa umri wake, lingekuwa mtu, lingeshaoa. Mlango wa abiria haufunguki kwa ndani. Ukitaka kushuka, unangoja yeye azunguke akufungulie.

Akasimama mbele yangu. "Fundi, klachi yangu inalia. Tena ngoja nikueleze inavyolia..."

Nikanyanyua mkono. "Mama, niachie mimi. Wewe kakae pale kwenye benchi."

"Lakini mwanangu, ni muhimu..."

"Mama. Benchi."

Aliniangalia sana. Akaenda kukaa.

Nitawafundisha kitu hapa, kisha mtaona ujinga wangu. Kelele za klachi ni rahisi mno kuzijua. Washa gari, acha gia huru, usikanyage kitu. Sikiliza. Kisha kanyaga klachi mpaka chini, usikilize tena.

Kelele ikija unapokanyaga, mbovu ni beringi ya klachi yenyewe, ile inayosukumwa na pedali.

Kelele ikiwepo mguu ukiwa juu, halafu ukikanyaga ikakata, mbovu yumo ndani ya giaboksi. Ni beringi inayoshika ile shafti ya mbele, maana ukikanyaga klachi shafti inaacha kuzunguka, na beringi inapumzika.

Nusu dakika tu, na masikio mawili. Mimi nilikuwa na hiyo nusu dakika.

Niliingia kwenye usukani nikawasha. Nikakanyaga, kimya. Nikaachia, kimya. Kwangu mimi gari lile lilikuwa limelala usingizi wa mtoto, huku fundi cherehani kule ng'ambo anaziba masikio.

Nikabahatisha. Mara nyingi ni beringi ya klachi, basi nikasema ni beringi ya klachi.

Kushusha giaboksi si mchezo kwa gari kama hilo. Unalala chini, mafuta yanakudondokea machoni, boliti zimeshikana na kutu kama ndugu wasiotaka kuachana. Siku nzima. Nikabadilisha beringi, nikarudisha giaboksi, tukawasha. Nikabaki chini kuangalia kama kuna mafuta yanavuja.

Hapo ndipo fundi cherehani alipovuka barabara.

Nikatoka chini, nikajipangusa, nikakaa kwenye usukani. Bosi akaweka kiganja kwenye boneti, akafumba macho.

"Wewe unasikia nini?"

"Safi kabisa, bosi."

Akatikisa kichwa. "Hata mimi."

Mwanzoni nilishangaa kidogo. Nikajiambia, kumbe nimepatia! Bahati ya mwizi hiyo. Usiku ule nililala vizuri, Mungu anisamehe.

Kesho yake asubuhi Mama Mkunga huyo, anaingia getini na uso umekunjwa.

"Fundi. Ulilitengeneza au ulilichokoza?"

Huyo nilimsikia, maana alisimama usoni kwangu kabisa. Bosi akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Nikawahi mimi. Nikasema beringi za siku hizi, bosi, unaletewa mpya ikiwa imekufa. Bosi akakubali. Nikashusha giaboksi mara ya pili. Nikaweka beringi nyingine, nikabadilisha na sahani ya klachi kabisa ili ionekane nimefanya kazi ya maana.

Tukawasha, kiganja kikawekwa kwenye boneti.

"Wewe unasikia nini?"

"Safi, bosi."

"Hata mimi."

Geti likafunguliwa. Mama Mkunga akatoka.

Dakika kumi hazikupita, akarudi. Safari hii hakushuka. Aliinama akafungua mlango wa abiria kwa nje kupitia dirishani, akaniashiria kwa kidole kimoja.

"Ingia. Twende wote."

Ningekataa vipi mbele ya watu? Nikaingia. Akafunga mlango, akapandisha vioo vyote viwili.

"Joto, Mama," nikasema.

"Nataka usikie vizuri."

Hapo nikajua nimekwisha.

Tukaingia barabara kubwa. Walikuwa wanachimba mtaro, magari yamepangana hayasogei. Jua linapiga kwenye kioo, jasho linanishuka hadi kwenye soksi. Mama Mkunga anakanyaga klachi, anaachia. Anakanyaga, anaachia. Ananiangalia mimi badala ya barabara.

Nikaweka uso wa kazi. Nikakunja paji, nikainamisha kichwa upande kama ninavyofanya siku zote. "Eeh," nikasema. "Kuna kitu kwa mbali."

Akatoa kitambaa kwenye mkoba, akajifuta jasho usoni, akakiacha kimefunika mdomo. Mabega yake yakasogea kidogo kama mtu anayesema.

"Ndiyo," nikajibu.

Yakasogea tena.

"Ndiyo, Mama. Kweli kabisa."

Akashusha kitambaa.

"Nimekuuliza kama una mimba," akasema. "Mara ya pili nimekuuliza kama ni ya mapacha."

Nilishika mpini wa mlango. Mlango ule, kama nilivyowaambia, haufunguki kwa ndani.

Hakuishia hapo. Alichomoa shada lake la funguo za nyumbani, akapeleka mkono nyuma ya kichwa changu, akalitikisa karibu na sikio la kushoto. Najua alilitikisa kwa sababu niliona kivuli cha mkono wake kwenye kioo. Akahamia la kulia.

"Watoto wangu wa siku tatu wanapepesa macho nikifanya hivi," akasema. "Wewe hujapepesa. Tangu lini?"

Nilitaka kukana. Nilifungua mdomo kabisa nikane. Kilichotoka ni kilio, jamani. Mtu mzima, ndevu zote hizi, kwenye foleni, dereva wa lori la pembeni ananikodolea macho.

"Mwaka na nusu, Mama."

"Nani anajua?"

"Hakuna."

Alikaa kimya, au alisema kitu sikukisikia. Kisha akanigeukia uso mzima ili nimwone midomo, na tangu hapo alipozungumza nami alifanya hivyo kila mara.

"Juzi nilikuwa nimembeba mzazi kwenye kiti hicho ulichokalia. Chupa imeshapasuka, uchungu umeshika, tunakimbilia hospitali. Gari linalia mpaka yule binti anaacha kulia yeye, ananiuliza, mama, tutafika? Nikamwambia tutafika, fundi wangu ni Rada." Akakanyaga klachi. "Lingekwama je?"

Nilitazama kiti nilichokalia.

"Usimwambie bosi," nikasema. "Nakuomba, Mama. Mwisho wa mwezi ananikabidhi gereji. Nikitoka pale sina pa kwenda."

"Mimi? Simwambii mtu. Utamwambia wewe. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa getini. Nikikuta hujasema, nitasema mimi, tena mbele ya wateja, tena kwa sauti ambayo hata wewe utaisikia."

Tukarudi gerejini. Akaegesha, akashuka. Mimi nikabaki ndani nikimngoja azunguke. Alijichelewesha makusudi, nina hakika.

Jioni nilifika nyumbani sina hamu ya kitu. Nikakaa kwenye kochi nimeikazia macho televisheni. Nilikuwa nawaza kuugua ghafla, au kusafiri, au kuandika barua ya kuacha kazi nikaitupia chini ya mlango wa ofisi kama mwoga nilivyo.

Sakafu ikatetemeka mara mbili chini ya miguu yangu. Nikageuka. Mke wangu amesimama mlangoni na sahani mkononi.

Ndipo nikashtuka. Alikuwa amepiga mguu. Tangu lini mke wangu ananiita kwa kupiga mguu sakafuni, na mimi nageuka bila kujiuliza?

"Kwani wewe unajua?" nikamuuliza.

Akaweka sahani mezani, akaja kukaa mbele yangu. "Mwanzoni nilidhani unanidharau," akasema. "Nilikaa miezi nikidhani una mtu huko nje. Halafu siku moja maziwa yakafurika nyuma yako, yanaungua, kifuniko kinagonga, wewe unasoma gazeti. Nikajua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Nimekungoja mpaka nimechoka, baba."

Sikupata usingizi wa maana. Asubuhi yake kabla ya saa mbili niko mlangoni kwa bosi.

Ofisi yake ni kachumba kadogo, meza moja, kalenda za miaka mitatu iliyopita, na ubao wenye misumari ya kutundika funguo. Alikuwa amenipa mgongo, anapanga funguo za magari ya siku hiyo.

Nikaona afadhali. Kusema na mgongo ni rahisi kuliko kusema na uso. Nikafumba macho nikamwaga yote. Nikasema bosi mimi sisikii. Nikasema tangu mwaka jana, nikasema kuhusu Mama Mkunga, nikasema nimebahatisha mara mbili na nimekudanganya usoni mara zote. Nikasema kama ni kunifukuza nifukuze leo, ila usinitangaze.

Nikafumbua macho.

Bosi anaendelea kutundika funguo. Wala hakugeuka.

Hasira zikanipanda. Miaka kumi na tisa! Nimejivua nguo mbele yake na hana hata heshima ya kunitazama! Nikapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

Bosi akageuka taratibu. Akaniona. Akatabasamu.

"Ah, umefika? Ulikuwa unasema kitu?"

Nilimwangalia. Naye akaniangalia. Kuna kitu kilianza kunitambaa mgongoni, lakini kichwa kilikuwa bado hakitaki kukielewa.

Nikarudia, safari hii nikimtazama usoni. Nikasema kwa kifupi. "Bosi, mimi sisikii. Sauti zote nyembamba zimeondoka. Klachi ile sijawahi kuisikia hata mara moja."

Akavuta kiti. Akakaa. 

"Hata mimi," akasema.

Nikadhani ananifariji. Nikamwambia bosi, acha utani, hapa mambo mazito.

"Miaka minane," akasema. "Kwanza la kulia, kisha yote mawili. Naweka kiganja kwenye boneti kwa sababu mtetemo ndio uliobaki. Wewe ulipokuwa unaniambia unachosikia, mimi nilikuwa sisikii kitu. Nilikuwa nakuamini wewe."

"Na mimi nilikuwa nakuamini wewe!"

Tukabaki tunatazamana. Mafundi wawili. Gari linapiga mayowe mpaka mtu anavuka barabara, sisi tumesimama kando yake, mmoja kafumba macho, mwingine kakunja paji, tunakubaliana kwamba limepona. Mara mbili!

"Yule fundi cherehani alisema nini siku ile?" bosi akauliza.

"Sijui. Mimi nilicheka."

"Mimi nilicheka kwa sababu wewe ulicheka."

Alianza yeye. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kikanivuta na mimi, tukacheka mpaka machozi, na kwa bosi yale machozi hayakuishia kwenye kicheko. Alijiinamia. Nilizunguka meza nikamshika mabega, kitu ambacho sikuwahi kukifanya maishani.

"Nilikuwa naogopa ukijua utanidharau," akasema.

"Mimi nilikuwa naogopa utanifukuza."

"Nikufukuze kwa kosa gani, la kwangu?"

Halafu akanyanyua kichwa. Uso ukabadilika. "Rada. Huu mwaka na nusu. Tumetoa magari mangapi pale getini?"

Hakuna aliyecheka tena.

Saa mbili kamili Mama Mkunga alikuwa mlangoni. Alitutazama macho yetu mekundu, akaniuliza mimi, "Umesema?"

Bosi akasimama, akamweleza yote mwenyewe. Namvulia kofia kwa hilo. Hakuficha hata neno.

Mama Mkunga alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta pumzi.

"Yaani gari langu limesikilizwa na watu wawili, na wote wawili ni viziwi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi mwenye masikio mnanipeleka kwenye benchi?"

Tulitazama chini wote wawili, bosi na umri wake ule. Alitugomba pale kwa dakika nzima, na kwa heshima yake nikiri kwamba alitugomba akitutazama usoni, ili lisipotee hata tusi moja.

Alipomaliza akafungua mlango wa gari lake, akaniashiria niingie kwenye usukani. Yeye akasimama dirishani.

"Washa. Usikanyage kitu."

Nikawasha.

"Linalia," akasema. "Kanyaga."

Nikakanyaga klachi mpaka chini.

"Limenyamaza. Achia... linalia. Kanyaga... limenyamaza." Akanitazama. "Hicho ndicho nilichotaka kukueleza siku ya kwanza."

Nusu dakika ilitosha. Giaboksi yake ilishushwa na kupandishwa mara mbili, beringi mbili nzima zikatupwa, na jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi langu linanisubiri nimalize majivuno.

Bosi alichukua bisibisi ndefu, akaingia nami chini ya gari. Akagusisha ncha kwenye giaboksi, akanishikisha mpini. "Usisikilize," akasema. "Shika." Mama Mkunga akawa anakanyaga na kuachia kule juu. Mguu ukiwa juu, mpini ulinikwaruza kiganjani kama una mchanga. Akikanyaga, mchanga unakwisha. Nilikuwa nimekaa mwaka na nusu ndani ya giza langu, na kumbe mtu aliyejua njia alikuwa anasimama mbele ya boneti kila siku.

Tulishusha giaboksi mara ya tatu. Safari hii tuliifungua. Beringi ya shafti ya mbele tuliikuta imeliwa, chuma chake kimejaa vidonda, gololi mbili zimechubuka kabisa. Bosi aliiweka kiganjani akaizungusha kwa kidole. Akasema ingemaliza wiki kwa shida, halafu ingejifunga, na giaboksi nzima ingekwama gari likiwa linakimbia.

Nilimfikiria yule binti aliyeuliza kama watafika. Nikaenda mwenyewe dukani kununua beringi mpya.

Kazi ile tuliifanya wawili, mimi na bosi, bila kusemeshana, kwa kuoneshana vidole. Mke wangu alikuja mchana nikamweka ofisini na daftari la wateja. Akaanza kupiga simu moja baada ya nyingine: tafadhali leta gari lako liangaliwe tena. Yarudi yote, bosi alisema, hata kama mtaa mzima utaicheka gereji. Yalirudi ishirini na moja. Mengi yalikuwa mazima. Manne hayakuwa mazima, na moja kati ya hayo manne sitaki kulizungumzia, ila mwenyewe yuko hai na tunasalimiana.

Bosi hakupumzika mwisho wa mwezi. Alisema tutapumzika wote siku tukipata mtu mwenye masikio, na siku hizi tunaye: binti wa fundi cherehani, fundi kweli kweli kutoka chuoni, ambaye hatumwachi awashe mashine ya kusaga bila kuziba masikio. Mteja akifika anaambiwa kaa hapa mbele, eleza tangu mwanzo. Wengine wanaeleza mpaka habari za ndoa zao. Tunawasikiliza kwa macho.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu jioni ile tulipolimaliza gari.

Mama Mkunga alikaa pembeni yangu. Nikawasha. Nikaangalia uso wake, maana sikuwa na pa kuangalia pengine. Nikakanyaga, nikaachia. Amefumba macho. Nikakanyaga, nikaachia. Bado amefumba. 

Nikashindwa. "Mama, linasemaje?"

Akafumbua macho, akanigeukia uso mzima.

"Halisemi kitu, mwanangu."

Nikazima gari nikalalia usukani. Kwa muda wa mwaka na nusu hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi na mtu mwingine tumekaa ndani ya gari moja, tukasikia kitu kilekile.

Nyie mnaosoma hapa, najua kuna mmoja wenu anaficha kitu kazini. Macho yamepungua, mkono unatetemeka, hesabu hazikai kichwani, chochote. Kaseme leo. Usingoje kubanwa kwenye gari lenye mlango usiofunguka. Mimi nilidhani uongo wangu ni wa kwangu peke yangu, umo masikioni mwangu, haumdhuru mtu. Kumbe siku zote ulikuwa barabarani, na kuna mama alikuwa anauendesha kuwahi wazazi wenye uchungu.